Aliyekutukana Ndiye Aliyekuzika

Kila uchaguzi ukikaribia, wazee wenzangu hapa Tabora huanza kulalamika kwamba zamani siasa zilikuwa na adabu, matusi yameletwa na vijana. Nimefundisha historia miaka mingi katika mji huu, na siwezi kukubaliana nao. Mji wetu umelelewa na matusi, tena ya nguoni. Umelelewa pia na kutia chumvi, kwa sababu ni mji wa njia panda, na msafiri akisimulia ya huko alikotoka hakuna shahidi wa kumsahihisha. Ninalolilia mimi ni jambo jingine. Zamani tusi lilikuwa na mwenyewe, lilitolewa ana kwa ana, na aliyelitoa alikuwa na deni kwa aliyetukanwa. Deni hilo ndilo tulilolipoteza, na naamini naweza kuonyesha tulilipotezea wapi.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda kupitia Uzaramo, Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, nchi ya watu wangu. Hapo njia iligawanyika: moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka pwani hadi Tabora kulichukua kama miezi 3 kwa mguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, za nguo, shanga au waya wa shaba alipotoka pwani, na pembe za ndovu aliposhuka. Alipita nchi za watu waliomiliki visima na waliotoza hongo, yaani ushuru wa njia, yeye akiwa hana hata shangazi wa kumkaribisha kivulini. Akiugua, wenzake hawakuweza kumsubiri siku nyingi, maana chakula kilikuwa cha kupimwa. Nani angemzika?

Utani ndio uliomzika. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, Wazigua na Wagogo, ambao nchi zao zimelala kando ya njia ile. Wana utani pia na Wangoni, ambao hawakuja kwa biashara, walikuja kwa mikuki katikati ya karne ile ile. Waliochunguza mila hii wanataja machimbuko hayo mawili, safari na vita: watu waliohitajiana njiani, na watu waliouana kisha wakaamua yaishe. Lakini hawakuuzika ugomvi. Waliutunza katika maneno. Mngoni akikutana na Mnyamwezi barabarani atamwambia, "Mtumwa wangu, nani amekupa ruhusa ya kuvaa viatu?" Naye Mnyamwezi atamjibu kwamba babu yake Mngoni alikimbia akaacha ngao, na ngao ile sasa ni mfuniko wa chungu cha ugali. Mzaramo atakuambia ukoo wako wote ulinunuliwa Bagamoyo kwa kipande cha kaniki. Chumvi haina kipimo hapo. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na atatozwa kuku.

Ukimsikiliza mgeni akieleza utani, ataishia hapo, kwenye kicheko. Ataacha nusu nzito zaidi. Mtani yule yule anayekuita mtumwa ndiye anayepaswa kufika wa kwanza msibani kwako. Huchimba kaburi, hubeba maiti, huwalazimisha wafiwa wale. Anapewa haki ambayo ndugu hawana, ya kumsema marehemu palepale kaburini, kwa sababu anatoa kazi ambayo ndugu kwa uchungu wao hawaiwezi.

Babu yangu mzaa baba alibeba mizigo ya Wabelgiji walipouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na aliisimulia vita ile maisha yake yote. Siku ya maziko yake, Mzaramo mmoja, fundi wa reli aliyeishi Gongoni, alishuka kaburini akalala chali. Akasema mzee huyu alimwahidi ng'ombe, na hazikwi mpaka ng'ombe aonekane. Akamwita marehemu mwongo. Akaiga mwendo wake wa fimbo, akaiga na namna alivyokuwa akisimulia kwamba aliwavusha mto Wabelgiji wawili kwa mpigo, mmoja kila bega. Bibi yangu, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu alfajiri, akacheka mpaka khanga ikamwanguka begani. Baba akatoa shilingi chache. Mzaramo akapanda juu, akashika koleo, na hakumpa mtu mwingine mpaka udongo ulipokwisha. Kisha akakaa nasi matanga yote, akimsema babu asubuhi na jioni, akichota maji na kupasua kuni.

Kwa hiyo tusi la utani lina masharti, ingawa hayakuandikwa popote. Unamtukana anayeweza kukutukana. Unamtukana akiwa anakusikia. Unatukana kabila zima au tabia ya mtu, lakini humfanyi kuwa kitu kisichostahili kaburi, kwa kuwa kaburi lake ni kazi yako. Hata bibi na mjukuu, shemeji na shemeji, ambao wanataniana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wanaishi ndani ya masharti hayo. Mwanamke katika utani halindwi na ukimya. Analindwa na haki yake ya kujibu, na nimewaona bibi zetu wakiwanyamazisha wanaume wazima mbele ya kadamnasi.

Kutia chumvi nako kulikuwa na nafasi yake. Kirangozi aliyeutangulia msafara, na manyoya kichwani na ngoma nyuma yake, alitangaza ukuu wa msafara kila walipokaribia kijiji. Mtyela Kasanda wa Urambo alijipa jina la vita, Mirambo, maiti zilizolundikana, na jina hilo lilimtangulia kijijini kabla ya rugaruga, askari wake. Watu walijua majigambo ni majigambo. Walikuwa na muda wa kuyapima, kwa sababu mwenye majigambo alikuwa anakuja kwa miguu na wangemwona kwa macho yao.

Mirambo huyu ndiye aliyekuwa, nadhani, mtu wa kwanza wa nchi yetu kutukanwa kwa namna mpya. Juni 1871 Henry Morton Stanley aliingia Tabora akimtafuta Livingstone kwa niaba ya gazeti la New York Herald. Agosti akajiunga na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumpiga Mirambo, aliyekuwa amefunga njia ya Ujiji. Walipigwa wao, huko Wilyankuru, kisha Mirambo akauvamia mji wenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa. Katika maandishi ya Stanley ya wakati ule Mirambo ni mnyang'anyi tu. Mwaka 1876 wawili hao wakakutana, wakachanjiana damu, na kalamu ile ile ikaandika kwamba huyu ni muungwana hasa. Wakawepo hata waliomlinganisha na Napoleon. Tusi na sifa vyote vilitiwa chumvi, na vyote vilisafiri kwa meli kwenda kusomwa na watu ambao Mirambo asingekutana nao kamwe. Alikufa Desemba 1884. Wasomaji wa Stanley waliendelea kumjua bila yeye kupata nafasi ya kuwajibu hata mara moja. Ninaposema tusi lilianza kupoteza mwenyewe, naanzia hapo.

Wajerumani walipomaliza kuiteka nchi yetu kwa bunduki, na Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipojilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 kuliko kukamatwa, mabaraza ya watemi yalibaki, lakini neno la mwisho lilihamia bomani. Naruka miaka mingi hapa kwa makusudi, kwa kuwa kinachonihusu ni mahali ambapo Waafrika walianza tena kubishana juu ya nchi yao kwa sauti.

Sehemu kubwa ya mahali hapo ilikuwa Tabora. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942, na akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's mjini hapa kuanzia 1946 hadi 1949, kabla ya kwenda Edinburgh. Vijana wa shule hizi walijifunza mdahalo wa Kiingereza: unapangiwa upande, unapewa dakika zako, humkati mwenzako. Nimeusimamia mdahalo kama huo mara nyingi nilipokuwa mwalimu, na naupenda. Lakini jioni wanafunzi wale wale walirudi bwenini wakataniana, Msukuma na Mzaramo, Mngoni na Mnyamwezi, na naamini somo la pili lilikuwa na uzito sawa na la kwanza.

Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru, ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili awe mpiga kura ilimbidi atimize masharti ya kipato, elimu au cheo. Ilikuwa dharau iliyopakwa sheria. Mamilioni ya Waafrika walipewa viti sawa na maelfu ya wageni. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kususia, na Bhoke Munanka alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa nguvu. Nyerere aliona kwamba TANU ikisusia, viti vitakwenda kwa chama cha United Tanganyika Party, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali. Katika hali ya namna hiyo neno "msaliti" haliko mbali na ulimi wa mtu yeyote.

Mkutano ulikwenda siku kadhaa. Waliopinga walisema mpaka wakamaliza, na Nyerere akawajibu hoja kwa hoja mpaka wengi wakaelemea upande wake. Uamuzi ule, ambao vitabu vyetu vya shule vinauita Uamuzi wa Busara, uliifanya TANU ishiriki, na wagombea wake na wale iliowaunga mkono wakashinda katika awamu zote mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Lakini linalonivutia zaidi ni walioshindwa mkutanoni. Munanka alibaki chamani, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Nyerere. Zuberi Mtemvu alitoka, akaanzisha African National Congress iliyotaka Afrika iwe ya Waafrika tu, akaisema TANU kwa ukali, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Nyerere. Alipata kura kama 21,000 dhidi ya zaidi ya milioni 1.1. Kisha akarudi TANU, akapokewa. Mtu alikuwa na uwezo wa kusema maneno mazito kiasi kile na bado akapata mlango wa kurudi.

Mwaka huo huo wa 1958 ulileta jambo jingine, na hili ndilo pindo la pili la habari yangu. Nyerere, ambaye serikali ilikuwa imemzuia kuhutubia mikutano ya hadhara mwaka uliotangulia, alikuwa akiandika jarida dogo la Sauti ya TANU. Katika toleo la Mei aliwashambulia maofisa wawili wa kikoloni, wakuu wa wilaya za Musoma na Songea. Serikali ikamshitaki kwa kashfa ya jinai. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza. Agosti 1958 mahakama ikampa chaguo: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Alilipa. Mwaka ule ule wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi.

Ninamheshimu Nyerere kwa kusimama mbele ya hakimu na kukubali kwamba maneno yale ni yake. Lakini tazama deni lilivyohama. Maofisa wale hawakutoka kumjibu Nyerere, wala Nyerere hakutakiwa kuwafanyia wao lolote. Serikali ndiyo iliyojitangaza kuwa imetukanwa, na serikali ndiyo iliyopokea faini. Tulipopata uhuru Desemba 1961 tuliirithi njia hiyo pamoja na majengo ya boma. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962. Christopher Kasanga Tumbo, aliyeongoza mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli mwaka 1960 na aliyeisema serikali Bungeni bila kupepesa, alianzisha chama chake, akakimbilia Mombasa, akarudishwa mwaka 1964 na kuwekwa kizuizini. Mtemi wetu wa Unyanyembe, Abdallah Said Fundikira, Waziri wa Sheria wa Tanganyika huru, hakuukubali mfumo wa chama kimoja, akatoka serikalini mwaka 1963. Wote wawili walikuwa na ndimi kali. Wote wawili walistahili kujibiwa kwa ulimi, si kwa amri.

Pamoja na hayo, uchaguzi wa 1965 ulikuwa na jambo moja ambalo leo hatunalo, na nilikuwa mtoto mwenye akili ya kutosha kulikumbuka. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walipanda jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, wakasema kwa Kiswahili tu, na ilikuwa marufuku kugusa kabila, rangi au dini. Huwezi kumzulia mtu aliyeketi kwenye kiti cha pili akisubiri zamu yake. Basi chumvi yote ikahamia kwenye alama. Mwenye nyumba alisema hata jembe likitoka shambani hulala ndani ya nyumba. Mwenye jembe alijibu kwamba nyumba hailiwi, na msingi wake ulichimbwa kwa jembe. Sisi watoto tulirudi nyumbani tukaendelea na ubishi huo mpaka tukafukuzwa tukalale. Kote nchini mawaziri waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Walioangushwa hawakuwa wameitwa wezi wala wanyama. Walikuwa wamepimwa.

Najua nitaambiwa kwamba adabu ile ilinunuliwa kwa kuwafungia nje akina Fundikira na Tumbo. Ni kweli, na sitaki irudi kwa bei hiyo. Ninachokitaka ni kile kiti cha pili jukwaani.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matusi yalianza kushuka kutoka juu. Kupe, mnyonyaji, bepari, kabaila. Nilikuwa msichana, niliyaimba gwarideni kwa moyo wote, na mengi yaliwahusu watu waliostahili kusemwa. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, neno "mlanguzi" lilipata nguvu ya kumpeleka mtu rumande. Jirani yetu mmoja mwenye duka dogo alikutwa na miche ya sabuni aliyoificha chini ya kitanda, akaitwa adui wa taifa. Alikuwa mtu wa kupima sukari kwa kijiko na kukopesha wajane. Hatukumjibia. Nani angemjibia? Tusi lililotoka redioni usiku, likarudiwa na mjumbe wa nyumba kumi asubuhi, halikuwa na mtu mmoja ambaye ungeweza kumfuata na kumwambia, umemkosea huyu.

Kama mtu anadhani natia chumvi ninaposema tusi lisilo na mwenyewe ni hatari, aende Ulyankulu, hapa mkoani kwetu, nchi ile ile ambako Stanley na Waarabu walipigwa mwaka 1871. Huko walipelekwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Katika Rwanda, jirani ya Burundi yao, mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, siku baada ya siku, mpaka majirani wakawashika majirani kwa mapanga. Waliohusika na redio ile na gazeti la Kangura walihukumiwa hapa hapa Tanzania, na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, Desemba 2003. Mtu wa utani ataniita mtumwa, mwizi, mla panya, na kesho atanichimbia kaburi. Aliyeitwa mende hakutarajiwa kuzikwa. Kwangu mimi mpaka uko hapo, na hauhusiani na ukali wa sauti.

Vyama vingi vilirudi tarehe 1 Julai 1992, na aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kudai mageuzi ya katiba mwaka uliotangulia alikuwa Fundikira yule yule, ambaye sasa alianzisha chama cha UMD. Nilifurahi. Niliona huenda tukapata ukali wa utani pamoja na haki ya kujibu. Na sheria haikuwa mbaya: Sheria ya Uchaguzi ya 1985 iliruhusu mahakama kutengua matokeo iwapo mgombea, au mtu mwingine kwa ridhaa yake, alitumia tofauti za kabila, rangi au dini kumchafua mwenzake, au tofauti ya jinsia pale mwanamke alipogombea na mwanamume. Nyuma ya kifungu hicho kuna akili ya watu waliolelewa kwenye masharti ya jukwaa la 1965.

Lakini twende Igunga, mkoani kwetu, mwaka 2011. Aprili ya mwaka ule chama tawala, CCM, kilikuwa kimetangaza kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi wenye tuhuma za ufisadi. Julai, mbunge wa Igunga, Rostam Aziz, akajiuzulu mbele ya wazee wa jimbo lake, akisema amechoshwa na siasa uchwara. Uchaguzi mdogo ukapangwa Oktoba 2. Kwa wiki kadhaa mji ule mdogo wa wafugaji na wakulima wa pamba ulipokea wakubwa wa nchi nzima. Helikopta zilitua zikapaa. CCM waliitwa magamba, CHADEMA waliitwa chama cha fujo, na kila upande uliapa kwamba mwingine ukishinda nchi imekwisha. Ikazuka tuhuma kwamba wafuasi wa CHADEMA walimvua mkuu wa wilaya, mwanamke wa Kiislamu, mtandio wake, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilibishana juu ya mtandio. Mbunge wa Tabora Mjini alionekana jukwaani na bastola kiunoni.

Niliwafuatilia wasemaji wale kwa makini, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna hata mmoja anayemtukana mtu wa Igunga huku akijua atakutana naye dukani wiki ijayo. Walikuwa wachache mno. Wengi walitukana asubuhi wakapaa jioni. Nyuma yao wakabaki ndugu wawili wasiosalimiana, mmoja wa kofia ya kijani ya CCM, mwingine wa gwanda la CHADEMA. Mgeni hakurudi kwenye misiba ya familia hizo. Miaka minne baadaye, Agosti 2015, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alisimama Jangwani akawaita wanaojinadi kuikomboa nchi "wapumbavu na malofa", na wapo waliomtetea kwamba alikuwa akitania. Ninamheshimu Mkapa kwa mengi, lakini utetezi huo siukubali. Utani haulengi watu wasiokuwa na kipaza sauti.

Turudi Igunga. Dk. Dalaly Peter Kafumu wa CCM alishinda huko kwa kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Joseph Kashindye wa CHADEMA. Agosti 2012 Mahakama Kuu ikayatengua matokeo, na baadaye Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu ubunge wake. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa mahakamani ilikuwa kauli ya Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, kuhusu daraja la Mbutu, ambalo watu wa huko walikuwa wakililia kwa sababu mvua zikinyesha mto huwatenga.

Waliojiandikisha kupiga kura walikuwa zaidi ya 170,000. Waliofika vituoni hawakufika 55,000. Katika kelele zote zile, daraja lilitajwa kama zawadi ya kupewa au kunyimwa, na hakukuwa na jukwaa ambapo wagombea wote waliketi pamoja waulizwe litajengwa lini, kwa fedha zipi, na nani atakayesimamia. Daraja lilijengwa baadaye, na makandarasi wa Kitanzania, na ng'ombe wa Igunga wanalivuka leo bila kujali nani alimwita nani gamba.